NJIA YA KANDARASI: TOKA MKUTANO WA KIJIJI HATA KUTIWA SAHIHI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi leo juu ya jambo ambalo wengi wetu hulishika kwa mikono yetu kila siku, lakini ni wachache walitazamao toka mwanzo wake hata mwisho wake. Nalo ni namna serikali za mitaa katika Tanzania Bara zinavyoamua mipango ya watu wao, na zinavyotoa kandarasi kwa fedha ya umma. Hatukuja kuwalaumu wakubwa, wala hatukuja kuwasifu. Twataka kuifuata karatasi moja katika safari yake, toka kijijini ilikozaliwa hata ofisini inakotiwa sahihi, na kuonyesha ni mahali gani njiani neno la watu huweza kupotea pasipo mtu yeyote kuonekana ameiba.

Kwanza yafaa tukumbuke tulikotoka. Wenzetu waliotutangulia walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922, na Martin Kayamba alikuwa mbele yao. Siku zile karani aliandika maamuzi ya watu wengine. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watemi na majumbe hazina na mabaraza, lakini mtu wa kawaida hakuulizwa fedha ya kodi yake ijenge nini. Mwaka 1953 ikaja sheria ya kufungua njia ya halmashauri za kuchaguliwa. Baada ya uhuru halmashauri hizo ziliendelea, hata mwaka 1972 ulipoletwa mpango wa Madaraka Mikoani zikavunjwa, na kazi zao zikashikwa na maofisa wa serikali kuu. Miji ilipoharibika kwa uchafu na maradhi ikaonekana kuwa mji bila halmashauri yake hauna mwenyewe, na halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982 zikaweka msingi mpya, na halmashauri za wilaya zikaanza tena mwaka 1984. Katiba nayo, katika ibara ya 145 na ya 146, yasema kwamba vyombo hivi vimewekwa ili kuwapelekea wananchi madaraka.

Basi tofauti kati ya karani wa mwaka 1926 na karani wa leo ni hii: yule aliandika amri iliyoshuka, na huyu huandika haja inayopanda. Amri ikishuka, mwenye kuitoa aijua vizuri na atarekebisha karani akikosea. Haja ikipanda, mwenye nayo amebaki kijijini, hayupo mezani, wala hawezi kurekebisha neno. Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yetu.

Tuifuate sasa karatasi yetu. Kituo cha kwanza ni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo, awe tajiri au fukara, mwanamume au mwanamke, na sheria yautaka ukutane kila miezi mitatu. Chini yake yupo Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na Mtendaji wa Kijiji ndiye katibu wake. Toka miaka ya mwanzo ya 2000 umekuwapo utaratibu uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao huwaongoza wanakijiji kuhesabu walicho nacho, kutaja kinachowazuia, na kuchagua lililo la kwanza. Kadhalika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, yaani mahali pa shule, pa malisho, pa mashamba na pa makaburi, hauna nguvu mpaka mkutano huo umeukubali.

Tuseme kwa mfano tu, pasipo kutaja kijiji chochote, kwamba kipo kijiji chenye zahanati nzuri, lakini muuguzi hana nyumba hapo. Hulala mbali, safari ya saa nzima kwa miguu. Mchana zahanati ni wazi, usiku mlango umefungwa. Mama akishikwa na uchungu usiku hufika akakuta kufuli. Wanakijiji hukutana, hujadiliana, na kwa sauti moja wasema: haja yetu ya kwanza mwaka huu ni nyumba ya muuguzi kando ya zahanati. Mtendaji huandika katika muhtasari wake maneno haya: "Mkutano uliazimia kuboresha huduma ya afya."

Ndugu zetu, angalieni jambo lililotendeka hapo. Hakuna uongo katika maneno hayo. Ni kweli nyumba ya muuguzi huboresha huduma ya afya. Lakini neno nyumba halimo, neno usiku halimo, na neno muuguzi halimo. Karatasi imeanza safari yake ikiwa tayari imesahau ilitumwa nini.

Kituo cha pili ni Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Huko hukusanyika mihtasari ya vijiji vyote vya kata. Vijiji vitatu vimeomba mambo ya afya, na kwa kuwa karatasi hazitaji kitu hasa, huunganishwa pamoja na kuwa mstari mmoja: "Afya, vijiji vitatu." Kituo cha tatu ni halmashauri ya wilaya. Hapo wataalamu huandaa makisio ya mwaka wa fedha uanzao tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Kila idara yanyang'anyana na nyingine nafasi katika fedha kidogo. Mganga wa wilaya hutafuta katika mstari ule kitu cha kufanya, naye aandika: "Ukarabati wa zahanati." Baraza la Madiwani lapitisha. Makisio yaenda mkoani, yaenda kwa serikali kuu, na Bunge lapitisha fedha.

Kituo cha nne ni zabuni, na hapa twapenda tukae kidogo, maana wengi hudhani kuwa ubaya wote wa fedha ya umma waanzia hapa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 2011, imegawanya kazi kusudi mtu mmoja asiwe mwindaji, mchinjaji na mgawaji wa nyama. Idara yenye haja huandika sifa za kazi. Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi hutengeneza makabrasha. Bodi ya Zabuni huyaidhinisha. Kamati ya tathmini hupima maombi kwa vipimo vilivyoandikwa katika makabrasha yale yale, wala si kwa vingine vilivyobuniwa baadaye. Mkurugenzi, ambaye ndiye Afisa Masuuli, hutia sahihi. Diwani hakai katika Bodi ya Zabuni, ili yule aliyeomba kura kwa watu asije akawalipa marafiki kwa kandarasi. Kazi yake ni kupanga pamoja na baraza na kusimamia. Matangazo na maombi hupita katika mfumo wa mtandao uitwao NeST, ulioanza mwaka 2023. Sehemu ya asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka imetengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Asiyeridhika aweza kupeleka malalamiko, na mwisho kukata rufani katika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.

Milango hii yote ni mema, na yafaa kulindwa. Karani ajua hila zinazojaribu kuipita: kazi moja kukatwa vipande ili kila kipande kiwe kidogo na kisitangazwe, sifa za mali kuandikwa kwa namna ambayo mwuzaji mmoja tu ndiye anayezo, kandarasi kutolewa kwa bei ndogo, kisha kuongezwa kazi mpya na fedha mpya mara sahihi ikikauka. Haya sheria yayakataza au kuyawekea mipaka, na mkaguzi huyatafuta.

Lakini sasa turudi kwenye zahanati yetu. Tuseme hakuna hila hata moja iliyotendeka. Zabuni ilitangazwa wazi, waombaji watano walijitokeza, aliyeshinda ndiye aliyestahili, kazi ikafanyika kwa wakati wake, fedha ikalipwa kwa stakabadhi. Zahanati imepakwa rangi, imetiwa vigae sakafuni, na imezungushiwa ukuta wenye lango. Mkaguzi wa hesabu akija atakuta kila karatasi yalingana na ile iliyoitangulia. Muhtasari wa kata walingana na wa kijiji, makisio yalingana na kata, zabuni yalingana na makisio, na hati ya malipo yalingana na zabuni. Karatasi ya mwisho peke yake ndiyo isiyolingana na haja ya kwanza. Na usiku ule ule mama mjamzito afika, akuta sasa si kufuli moja bali mawili, moja la mlango na moja la lango.

Hili ndilo neno tulilokuja kulisema. Kandarasi haianzi siku ya kutangazwa zabuni. Kandarasi huanza siku ile mtu wa kijiji anaposimama mkutanoni na kusema haja yake, na karani anapoiandika. Ikiandikwa kwa ulegevu hapo, hakuna bodi, wala mfumo wa mtandao, wala mkaguzi awezaye kuirudisha baadaye, maana wao hupima karatasi kwa karatasi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba hata penye daftari mali yaweza kupotea, kama daftari lenyewe halikuandikwa kile kilichosemwa.

Yupo atakayejibu: "Wanakijiji si mafundi. Hawajui bei ya nondo wala uwezo wa udongo. Mtaalamu sharti abadilishe maombi yao." Jibu hili lina haki yake, wala hatulidharau. Fedha haitoshi kila kitu, na yapo maombi yasiyowezekana. Tena mambo mengine hayamo tena mikononi mwa halmashauri: barabara za vijijini na mijini zilipelekwa TARURA mwaka 2017, na maji ya vijijini yakapelekwa RUWASA mwaka 2019, hata diwani huulizwa na watu wake juu ya kandarasi ambayo halmashauri yake haikuitoa. Kwa hiyo mabadiliko hayakosekani. Tunachokiomba si kwamba neno la kijiji lisibadilike kamwe, ila kwamba likibadilika, sababu yake iandikwe, jina la cheo kilichobadilisha liandikwe, na karatasi hiyo irudi kijijini isomwe mkutanoni kabla ya fedha kutumika. Mtu akiambiwa, "Nyumba ya muuguzi haikupata fedha mwaka huu kwa sababu hii, nayo imewekwa mwaka ujao," huvumilia. Mtu asiyeambiwa neno, akaona lori la vigae laja, hujua kwamba mkutano wake ulikuwa mchezo. Mkutano ujao hatakwenda. Na mkutano ukikosa watu, mihtasari huandikwa ofisini na watu watatu, na hapo ndipo mwizi wa kweli hupata njia nyeupe.

Yapasa pia tuseme juu ya kazi zinazojengwa pasipo mkandarasi, kwa njia ambayo watu wote sasa huiita fosi akaunti. Fedha huletwa katika shule au zahanati yenyewe, na watu wa mahali pale huunda kamati: moja ya ujenzi, moja ya manunuzi, na moja ya mapokezi. Wa manunuzi hutafuta saruji, mbao na mabati. Wa mapokezi huhesabu na kupima kilicholetwa. Wa ujenzi humsimamia fundi. Mwaka 2021, katika fedha ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 iliyotolewa kwa ajili ya madhara ya UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000, na kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20. Njia hii imeweka ununuzi wa umma mikononi mwa mwalimu, mkulima na mama muuza mboga, watu ambao zamani walitazama kandarasi kwa mbali kama watazamavyo meli baharini. Ni jambo la heshima kubwa.

Ila heshima hiyo ina mtego wake. Bei ya darasa ilikuwa moja kwa nchi nzima, hali ya njia si moja. Kijiji kilicho kando ya lami hupokea saruji mlangoni, na kijiji kilicho nyuma ya milima hulipa nauli ya lori juu ya bei ya saruji. Fedha ikipungua, kamati huombwa "ijiongeze", na mara nyingine hutakiwa kutia sahihi kwamba mifuko 100 imepokewa ilhali imekuja 80, na maneno ya kwamba iliyobaki yaja kesho. Mjumbe wa kamati ambaye hajapata kuona hati ya mapokezi maishani mwake hutia dole gumba kwa kumheshimu mkubwa. Mwaka ukipita, mkaguzi akija, jina lililo katika hati ni la yule mkulima. Karani aliyekuwa karibu naye na akanyamaza amemwacha jirani yake porini. Mafunzo ya nusu siku kabla ya saruji kuletwa, ya kuwaonyesha wajumbe kwamba sahihi ni ushahidi na kwamba mtu hushuhudia alichokiona tu, yangeokoa watu wengi.

Hapo twafika katika swali gumu kuliko yote, ambalo makarani huulizana kwa sauti ndogo. "Mimi ni mkono tu. Mkubwa akiniambia niandike tarehe ya jana, au nibadilishe azimio, nifanye nini? Nina watoto." Hatutawadanganya kwamba jambo hili ni jepesi. Mtu aliye na mshahara mmoja na watoto wanne hasemi na mkubwa wake kama asemavyo na rafiki. Lakini yapo mambo ambayo karani aweza kuyatenda pasipo ugomvi wala matusi. Aweza kuomba agizo kwa maandishi, kwa adabu, akisema kwamba jalada lahitaji kumbukumbu. Aweza kuandika tarehe ya kweli siku zote, tangu siku ya kwanza ya kazi yake, hata ikajulikana kuwa huyu ndivyo alivyo, na watu wakaacha kumwomba. Aweza kusoma maazimio kwa sauti kabla watu hawajaondoka mkutanoni, maana azimio lililosikiwa na watu 200 ni zito kubadilisha kuliko lililojulikana na mtu mmoja. Na chama chetu nacho kina wajibu: mwanachama akionewa kwa kuandika kweli, lisiwe shauri lake peke yake.

Bwana Mwenyekiti, kabla ya kumaliza twaomba wanachama wachukue mambo matatu waende nayo katika vituo vyao.

La kwanza, kila azimio la mpango liandikwe kwa vitu vinne: kitu gani, mahali gani, kwa ajili ya nani, na kwa sababu gani. "Nyumba moja ya muuguzi, kando ya zahanati, ili wanaojifungua usiku wahudumiwe." Mstari mmoja huo hauongezi kazi ya karani hata kwa dakika tano, lakini ni mgumu kugeuzwa kuwa ukuta.

La pili, kila azimio lipewe namba, na namba hiyo iandamane nalo katika kata, katika makisio, katika mpango wa ununuzi wa mwaka, na katika jalada la kandarasi. Mwenye kufungua jalada la zabuni aweze kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hata amkute mtu aliyesimama mkutanoni. Ambapo namba imekatika, tujue ndipo neno lilipoangukia, na tuulize.

La tatu, karatasi irudi nyumbani. Mapato na matumizi yasomwe katika mkutano wa kijiji kila miezi mitatu kama ilivyoamriwa, na yabandikwe katika ubao wa matangazo kwa Kiswahili chepesi na kwa herufi za kusomeka: kazi gani, nani ameipata, kwa fedha kiasi gani, aianze lini, aimalize lini. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kila mwaka, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi wajibu hoja. Hayo ni mema, lakini hufika baada ya fedha kwisha kutumika. Macho ya watu wa mahali pale huona wakati saruji ingali mifukoni.

Watu wengi hudhani kwamba madaraka ya wananchi hulindwa na wasemaji wakubwa majukwaani. Nasi twaamini hulindwa zaidi na mtu mmoja aliyekaa pembeni mwa mkutano, chini ya mwembe, na kalamu mkononi, ambaye akisikia neno nyumba huandika nyumba. Mtu huyo ni mmoja wetu. Asijidharau, wala sisi tusimdharau.